Aliyenililia Mlangoni

Dada mpendwa,

Sweta uliyonifumia imenienea. Jana ofisa wa ustawi wa jamii alikuja kukagua kituo cha kulelea watoto mchana, ambako nataka kumwacha binti niliyekabidhiwa kumlea. Bila kibali chake, ningelazimika kuacha kazi au kumrudisha mtoto.

Alikagua vyoo, akahesabu magodoro, kisha akaniambia, "Mama, hebu toka nje kidogo."

Nilipotoka tu, mtoto niliyekuja naye akalia hadi kwikwi. Nikajua nimekwisha, ataniambia hajazoea.

Lakini ofisa akasaini. "Siku namleta kwako, niliondoka hata jicho halikumlowa. Sasa ana wa kumlilia."

Dada, tangu nimzike mwanangu sikudhani kuna mtu angenililia tena. Nilisimama mlangoni na kiatu kimoja kilichomvuka binti mkononi, nikimsikiliza akilia.

Mdogo wako