Rimoti ya Moyo wa Hiram

Jumapili, 3 Agosti
Baada ya kanisa bwanangu Hiram na jirani yetu Ngigi wamekaa nyuma ya jikoni, vichwa kwa simu moja. Ile stori tena! Mheshimiwa, mbunge wetu, alianguka jukwaani akihutubia, akafa hapo hapo, na saa hiyo hiyo netiwaki ikapotea Molo yote. Basi eti serikali iko na mtambo wa siri, inazima moyo wa mtu ikiwa mbali. Nikawaambia netiwaki ya Molo hupotea hata mbuzi akikohoa. Ngigi akacheka. Hiram hakucheka. Eti mimi sikufanya kazi kambi ya jeshi Gilgil, sijui aliyoyaona. Haya. Alikuwa mpishi. Aliyoyaona ni maharagwe.

Jumanne, 5 Agosti
Ameanguka! Tulikuwa tunachimba viazi, nikasikia jembe limegonga chini. Kugeuka — Hiram kwa udongo, macho meupe. Nilipiga nduru mpaka koo ikauma. Alipoamka aliniuliza kama nimemaliza mstari wangu. Mjinga huyu. Nilimpangusa uso na leso.

Alhamisi, 7 Agosti
Hospitali, Nakuru. Mtoto wetu Jackie aliomba ruhusa kazini akatupata huko. Daktari, msichana mpole, anasema moyo wa baba unapiga polepole, wakati mwingine unasahau kabisa. Baba anatakiwa kuwekewa betri ya moyo, inashonewa chini ya ngozi karibu na bega. Bila hiyo ataanguka siku moja na asiamke.

Hiram aliitikia vizuri tu. Mpaka daktari akasema hiyo betri baadaye inapimwa na mashine kutoka nje ya mwili, bila kupasua mtu. Wueh! Nikajua tumekwisha. Akavaa koti. Kumbe hapo ndipo wanaingilia, akasema, na akatoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwambia: Baba Jackie, serikali imeshindwa kumwaga murram, changarawe tu, kwa hii barabara yetu, itaweza aje kuzima moyo wa mkulima wa viazi? Akasema pesa ya barabara ndiyo ilijenga mtambo. Nimepika mukimo wa viazi. Ameonja tu.

Jumapili, 10 Agosti
Hiram hawezi tena kupanda kilima cha kanisa, kwa hivyo nimebaki naye. Jua lilitoka kidogo, tukakaa nje, nikawa namkata kucha za miguu. Nikamuuliza polepole, kwani unaogopa nini?

Akasema Mheshimiwa alikuwa rika lake, mtu wa nguvu. Kama aliuawa, sawa, kuna wa kulaumiwa. Lakini kama moyo ulisimama tu, bure, kama wa kuku — basi hata wake…

Hakumaliza. Nikaweka wembe chini. Nikamwambia sijui Mheshimiwa aliuawa na nani, na labda mtambo uko, mimi si malaika. Lakini nakupenda, Hiram, na sitaki kulala kwa hicho kitanda peke yangu. Ngai! Sijawahi kumwambia hivyo, hata siku ya harusi. Yeye akavuta kamasi, akasema nimemkata kidole.

Jumatano, 13 Agosti
AMEKUBALI. Sharti moja: Ngigi asiambiwe. Nimepiga pasi pajama zake, kama anaenda harusini.

Alhamisi, 14 Agosti
Wamemwingiza chumba cha upasuaji sasa hivi. Kabla hawajasukuma kitanda alitoa kitu chini ya blanketi. Nikadhani ni Biblia. Rimoti ya TV yetu! Ile imefungwa raba. Akaniwekea mkononi.

"Shika, Wamaitha," akasema. Si Mama Jackie — jina langu, Wamaitha! "Kama ni lazima mtu anizime, awe wewe."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nililia.

Nimekaa kwa benchi. Nimejaribu kumpigia Jackie, simu haishiki. Netiwaki hakuna, kama siku ile ya Mheshimiwa. Hapa Nakuru mjini, mchana kweupe!

Ni upuzi, najua ni upuzi. Nimetoa betri kwa rimoti nikazificha ndani ya soksi.