Aya Aliyosomewa Mujinga

Kabuta, Nchelenge
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mpendwa Yaya Zaina, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na watoto wote huko Kalemie. Mugongo wako unaendeleaje? Dawa zinasaidia? Huku baridi ya ziwa imeanza na mafua hayatuachi, lakini tunakula na tunalala. Mwili wangu ni muzima. Ni moyo ndio umechafuka.

Unamukumbuka Mujinga, jirani yangu niliyekuandikia habari yake, aliyesilimu alipoolewa na Ramazani. Ramazani alizama ziwani mwezi wa tatu. Wiki iliyopita tulikusanyika kwa Mujinga kwa arobaini. Tulipomaliza kula, Shabani, mudogo wa marehemu, akasimama na kanzu yake mpya. Akasoma aya ya Sura ya Wanawake kwa Kiarabu, kwa sauti tamu mpaka wazee wakafunga macho. Kisha akasema:

“Shemeji, umesikia mwenyewe. Mungu amenipa wewe, na nyumba, na nyavu za marehemu yaya yangu.”

Watu wakaitika, “Amina.” Amina, Yaya! Na eda ya mutu haijaisha!

Mujinga akamugeukia Shabani. Akauliza, “Shemeji, hayo maneno maana yake ni nini?”

“Kurani haiulizwi,” Shabani akajibu.

Nikakimbia nyumbani kuchukua ile Kurani yenye tafsiri uliyonitumia. Nikasoma mbele yao: si halali kwenu kurithi wanawake kwa nguvu. Shabani alikuwa ameshika “kurithi” na “wanawake”, “si halali” akaiacha njiani.

Akapiga kelele kwamba mwanamuke hawezi kuwasomea wanaume. Nikamugeukia imamu wetu, Mjomba Asumani, ambaye Kiarabu anakijua.

“Mjomba, nimesema uongo?”

Akatazama mukeka. “Ni kweli ulivyosoma. Sikutaka tu kuharibu arobaini ya watu.”

Yaya, nilifunga ile Kurani. Shabani hajui anachosoma. Huyu Mjomba alijua, na aliitika Amina pamoja na wengine.

Mujinga akasimama, akamuonyesha Shabani mulango. “Toka mu nyumba yangu.” Akatoka. Sasa yuko kule Puta, nasikia huko nako wanamusifu kwa sauti yake ya kusoma.

Wanawake wetu wa musikitini wanapita mbali na Mujinga, eti ameaibisha dini. Anayemuletea ugali ni Berthe, mutu wa kanisa.

Mjomba ameniita mara mbili, sikuenda. Tafadhali usiniandikie habari ya kusamehe kwa sasa. Hata kumupa mukono naona kinyaa.

Mujinga mwenyewe anakuja kwangu akitoka sokoni, tunasoma maana, aya moja moja. Anauliza mpaka chai inapoa. Mara nyingi sina jibu, naye hakubali tuendelee mbele mpaka tulitafute.

Nisalimie Chouchou na mutoto wake, na Mama Orpha kama bado anakuja kwenu. Mujinga naye anakusalimia, ijapokuwa hamujaonana.

Mungu akuponye mugongo. Na hawa aliowapa sauti nzuri, awape na akili ya kuelewa wanachokisoma.

Mimi mudogo wako, nikupendaye siku zote,
Amisa