Usirudi Jumamosi, Timu Inashinda

Guayabal Viejo,
Jumanne, mwezi wa Desemba

Mwanangu mpendwa Wilfrido,

Mungu akubariki, na Bikira akufunike kwa shela yake, wewe na goti lako. Nimetanguliza baraka kwa sababu najua hata ukiwa huko mjini unaniomba kila asubuhi kabla ya kahawa, kama nilivyokulea. Natumaini barua hii itakukuta umelala vizuri, umekula, na shangazi yako Brunilda hakunyimi chumvi kwa ajili ya presha ambayo ni yake peke yake.

Sisi huku hatujambo. Baba yako Leoncio anakusalimu. Kiwanda kimeanza kusaga miwa, kwa hiyo anarudi ananuka molasi na kusinzia mezani kijiko kikiwa mdomoni. Bibi yako Casilda anakusalimu sana. Macho yamezidi kufifia, lakini masikio yanasikia mpaka redio ya mtaa wa pili, na waamuzi bado anawatukana kama zamani, halafu anafanya ishara ya msalaba. Dada yako Nereida anakusalimu, tumbo limekuwa kubwa, anasema mtoto anapiga teke kila tunapopata alama. Mume wake naye anakusalimu. Bado anashangilia Salineros, wapinzani wetu wa mji wa chumvi, tumemvumilia kwa sababu ya mtoto. Mama yako wa ubatizo, Ofelia, anakusalimu na anauliza kama zile soksi za sufu zinakutosha. Na mbwa wako mzima, analala chini ya kitanda chako, simfukuzi.

Sasa niambie habari za goti. Uvimbe umepungua? Unaweza kukunja mguu bila kuuma meno? Daktari alisema mpaka Pasaka usichuchumae, nilimsikia kwa masikio yangu, na nilimwuliza mara ya pili ili nawe usikie. Usiushushe mguu ukiwa umekaa. Na usioge jioni, baridi ya Desemba inaingia kwenye mifupa iliyofunguliwa.

Nikupe habari za timu, maana najua umeshaanza kuruka mistari kutafuta jina la Carreteros.

Mwanangu, tunashinda. Usicheke, ni kweli, na nitakueleza ilivyokuwa, maana redio ya huko inazijali timu za huko tu.

Ulipoumia wewe, yule jamaa alipokuparamia pale kwenye kituo cha nyumbani unapodakia na wewe ukakataa kuachia mpira, mji mzima uliona giza. Tulishindwa, tukashindwa tena. Kisha Eleuterio, mpigaji wetu mkubwa, akateguka mgongo akisukuma gari la baba mkwe wake, na watu wakasema afadhali angemsukuma baba mkwe mwenyewe. Kabla hatujamaliza kumlilia huyo, Zurdo Mota akashika bega lake la kushoto katikati ya mchezo, akatoka uwanjani bila kumtazama mtu. Mrushaji wetu bora, Wilfrido, mkono unaning'inia kama kitambaa kwenye kamba. Kinyozi akasema msimu umekwisha, tusubiri mwakani. Wanaume wakaacha hata kubishana, na wewe unajua wanaume wa hapa wakiacha kubishana juu ya besiboli ni kama wamekufa.

Mahali pako akawekwa Elisner Pierre, yule mwembamba wa kambi ya wakata miwa, aliyekuwa anakurushia mipira ya kupasha mikono wakati wa mazoezi. Siku ya kwanza nilipoona mtu mwingine amechuchumaa pale, niligeuza uso nikajifanya nahesabu sambusa zangu za kuuza kwenye beseni. Na alicheza vibaya. Mipira ilimpita katikati ya miguu. Jukwaani wakamkaanga kuliko sambusa. Mmoja akampigia kelele kwamba kwao wanadaka kuku tu, mwingine akajibu hata kuku hawamjui huyu. Nilicheka, sitakuficha. Halafu nikamwona mama yake amekaa peke yake kwenye jua kali, na mkoba mapajani, nikaacha kucheka.

Basi, ikanyesha mvua siku ile basi la timu lilipokwama hapa mbele ya nyumba yetu. Ningefanya nini? Niliwaingiza wote sebuleni, na sikuwa na nyama, nikapika wali wa samaki wa kuvuta moshi, sufuria ile kubwa ya harusi. Wakala wakakomba ukoko. Mvua ikakatika, wakaenda uwanjani, wakashinda.

Unajua kilichofuata. Timu inaposhinda, hakuna kinachoguswa. Tangu siku hiyo, kila wanapocheza nyumbani napika wali ule ule, na baba yako akisikia harufu anashika kichwa, anasema anatamani tushindwe mara moja tu ili ale maharage. Tunampigia kelele sote. Yeye mwenyewe analazimika kuvaa shati lile lenye shimo kwapani. Bibi yako redio yake imegeuzwa ielekee ukutani, kwa sababu siku ile ndivyo ilivyokuwa. Na Ofelia maskini, siku ile alikuwa chooni wakati wa zamu ya saba kati ya zile tisa za mchezo tulipopata alama nne, kwa hiyo sasa ikifika zamu ya saba watu wa jukwaani wanamgeukia wote pamoja, anainuka na heshima zake, anakwenda. Anasema hana haja. Wanamwambia haja si yako, ni ya mji.

Kocha Evaristo ndiye mbaya zaidi. Hajanyoa ndevu. Mkewe amehamia chumba cha watoto.

Jumapili walikuja Salineros wenyewe, na tarumbeta zao, na lile sanamu lao la mfuko wa chumvi. Mrushaji hatukuwa naye, ikabidi aanze mzee Nicanor, ambaye mpira wake unakwenda polepole hata unaweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Salineros wakacheka. Lakini Elisner alikuwa anamwelekeza pa kurusha kwa vidole vyake kule chini, sasa huku, sasa kule, anamtuliza, anakwenda kumpangusia mpira na kumnong'oneza kitu, mzee anatabasamu. Wale vijana wakubwa wakawa wanapiga hewa. Zamu ya nane mmoja wao akajaribu kuiba kituo cha pili, kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Elisner alirusha akiwa bado amepiga magoti, sijui ametoa wapi mkono ule. Mpira ulifika ukamsubiri mtu. Mwamuzi akainua kidole gumba, kwamba ametolewa, na yule aliyesema habari za kuku akavua kofia yake akairusha uwanjani. Tukashinda kwa alama moja. Eleuterio, mgongo umefungwa bendeji mpaka kwapani, ndiye aliyeupiga mpira ulioileta. Nilipoteza sauti, mpaka leo naongea kama bata.

Ndiyo maana nakwambia bila wasiwasi: mwaka huu tunafika fainali, na tukifika tunachukua. Nimeona timu nyingi hapa tangu nikiwa msichana. Hii hata ukiivunja miguu inatembea.

Sasa, mwanangu, kaa vizuri usome hapa polepole.

Jana kocha Evaristo alikuja nyumbani. Nilikuwa nachagua mchele. Alikaa kwenye kiti cha baba yako, akaizungusha kofia yake mikononi, akasifu kahawa kabla sijaimimina. Nikajua ana neno. Akaniambia kwamba umempelekea ujumbe. Kwamba unakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, kwamba huko mjini umepata mtu wa kukuchoma sindano kwenye goti ili usisikie maumivu, na kwamba uko tayari kudaka mchezo mzima kwa sababu Jumamosi anakuja yule Mmarekani wa kutafuta wachezaji wa kupeleka kwao. Akasema wenye timu wamefurahi. Akasema mimi ni mama, basi ameona ni heshima nijue mapema.

Mchele ukanimwagika. Sikumpigia kelele. Ningemwambia habari za goti, angenijibu kwamba wewe ni mtu mzima. Ningelia, angenipa leso. Nikamtazama zile ndevu.

Nikamwambia, "Don Evaristo, kwa hiyo unabadilisha mdakaji."

Akasema si kubadilisha, ni kumrudisha mwenyewe.

"Mwenyewe au si mwenyewe, siku tulipoanza kushinda aliyekuwa amechuchumaa pale ni Elisner. Wewe ndevu unaziogopa kuzigusa, unataka kugusa mdakaji? Haya. Mguse. Ila Jumamosi tukishindwa mbele ya yule Mmarekani, usipite mtaa huu. Pita kwa kinyozi, ukawaeleze wale."

Mwanangu, alipauka kabisa. Akazishika zile ndevu zake kama mtu anayehakikisha bado zipo. Akasema kwa sauti ndogo, "Doña Eduvigis, hilo sikuwa nimelifikiria."

Nikamwambia alifikirie sasa, kahawa ipo. Alipoondoka alikuwa ameapa mbele ya picha ya Bikira ya hapa sebuleni kwamba msimu huu hakutakuwa na mdakaji mwingine mpaka timu ishindwe, na wenye timu ataongea nao yeye. Wao pia wamo kwenye mambo haya, mmoja havui soksi.

Kwa hiyo ni mimi. Nimeona usikie kwangu, usije ukasikia kwa kocha ukadhani wamekusahau. Ni mimi niliyekufungia mlango wa Jumamosi. Unaniuliza kama naamini hayo ya ndevu na wali? Sijui. Najua yeye anaamini, na sikuwa na kitu kingine mkononi.

Na lingine, nilimalize lote. Glovu ya Elisner ilikufa ile Jumapili. Alikuwa ameishona kwa uzi wa kuvulia samaki, ukakatika mchezo ulipokwisha. Alikuja hapa jioni kusaidia kurudisha sufuria, hakuomba kitu, alikuwa ameificha nyuma ya mgongo kama mtu aliyevunja sahani. Nikaingia chumbani kwako nikatoa yako. Najua. Najua glovu haiazimwi, imechukua umbo la mkono wa mwenyewe, na wewe uliiweka chini ya godoro ukailalia mwaka mzima mpaka ikakunjika vizuri. Hata yeye aliikataa. Aliweka mikono nyuma akasema, "Hapana, Doña, hii ni ya Wilfrido, mimi siwezi kuingiza mkono humo." Nikamwambia aliyeilea glovu hiyo nimemlea mimi. Akaipokea kama anapokea komunyo.

Jumamosi, basi, yule Mmarekani atamtazama yeye, mahali pako, na glovu yako. Sitakwambia kwamba hainiumi. Nililia usiku nikiwa nimefunga mlango ili bibi yako asisikie, ingawa alisikia. Pengine atamchukua Elisner. Pengine mwakani hatarudi hapa mtu wa kuja kukutazama wewe. Nimelipima hilo lote, nikaliweka upande mmoja, na upande wa pili nikamweka mjomba wako Tobías. Yeye alichomwa sindano hiyo hiyo, begani, akarusha vizuri jioni ile kuliko siku zote, wakambeba juu juu mpaka kanisani. Leo mke wake ndiye anayemchana nywele.

Wewe una miaka ishirini na miwili. Nataka goti hilo lije lipige magoti kanisani siku utakayooa, na liinuke tena bila kushikwa mkono. Wakati huo ukitaka kudaka mpira, dakia hata mwezini, sitasema neno.

Nisalimie Brunilda na mumewe. Nisalimie yule muuguzi aliyekushika mkono, bibi yako anataka kujua jina lake na kama ameolewa. Baba yako anasema nikuandikie kwamba yeye angefanya kama mimi, ila kwa kelele zaidi. Nereida anasema mtoto akiwa wa kiume hatavaa rangi za Salineros, hilo wameshapatana.

Barua hii anakuletea Cirilo, dereva wa basi. Nimeshamwambia asubuhi ya Jumamosi atakukuta kituoni na begi, nakujua, na nimemkataza kukupakia. Amekubali, kwa sababu na yeye ameweka dau la pesa zake kwa Carreteros. Kwa hiyo usisumbuke kwenda kusimama pale kwa mguu mmoja. Mpe tu jibu la barua hii, aniletee Ijumaa jioni. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika, nitasoma mpaka mwisho. Ila andika ukiwa umekaa, mguu ukiwa juu ya mto, na uandike upesi, maana mpaka niuone mwandiko wako mimi hata huo wali sitaweza kuumeza.

Mama yako akupendaye, anayekubariki asubuhi na jioni,

Eduvigis