Maji ya Mgeni, Maji ya Mwari

Jumatatu, 10 Juni
Nimefagia vyumba vyote sita, ingawa hakuna aliyelala humo tangu wiki iliyopita. Mashuka yamekauka nusu. Ukungu. Newala mwezi wa sita ni baridi tupu.

Maji ya bomba hayajapanda huku juu. Yaliyobaki ni ya mvua, kwenye tangi la uani. Ufunguo wake nalala nao.

Rashidi amepiga simu toka Masasi. Wimbo uleule: Mama, funga hiyo gesti, njoo huku kwenye mabasi na watu. Mwanangu ananipenda lakini ananichosha. Nimemwambia asubiri Alhamisi. Siku hiyo anakuja Bi Neema wa Dar es Salaam, anayetembeza watalii. Anatafuta pa kuwalaza watakaokuja kuona bonde letu, Shimo la Mungu. Akipapenda kwangu, gesti inapona. Asipopapenda, Rashidi ameshinda.

Jumatano, 12 Juni
Boza la maji halikuja. Dereva kazima simu. Mshenzi.

Alhamisi, 13 Juni
Bi Neema amefika. Mcheshi, ana maswali mengi. Kaoga maji ya moto, kasifu mashuka.

Jioni nimempeleka Shimo la Mungu. Ukungu umejaa bonde zima, Ruvuma haionekani. Tumesimama ukingoni tunatazama weupe. Nimeona aibu, utadhani ukungu nimeuanika mimi.

Usiku nimechungulia tangi. Yamebaki ya kumwogesha mtu mmoja asubuhi, basi.

Ijumaa, 14 Juni
Alfajiri kagonga Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ndoo mkononi. Leo binti yake anatolewa unyagoni, na boza lililonitupa mimi limewatupa na wao.

“Mama Rashidi, mwari hajaoga. Nitamtoaje?”

Hatoki bila kuogeshwa, hilo halina mjadala. Ngoma zimeshaanza kulia. Ndugu wamekuja toka Mnyambe na Makote. Nimesimama na ufunguo wangu. Nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia dereva wa boza, nimemkasirikia hata Bi Neema aliyekuwa amelala zake. Kisha nimefungua tangi.

Bi Neema kaamka, kakuta kopo moja la kunawia uso. Nimemweleza ukweli bila kuupamba. Kanuna. Nimemchukua hivyohivyo tukaenda kwa jirani, maana mapishi yalikuwa yananisubiri mimi. Mambo ya ndani ya unyago si ya mgeni, lakini kutolewa kwa mwari ni kwa kila mtu.

Zuhura katoka na kanga mpya, anang'aa mafuta, macho chini. Vigelegele. Nimelia kama vile anayetolewa ni binti yangu.

Bi Neema kala ugali wa muhogo na kisamvu changu cha korosho. Kaongeza sahani ya pili. Bado kanuna.

Jumamosi, 15 Juni
Ukungu umeondoka. Tumerudi Shimo la Mungu asubuhi. Bonde lote wazi, mto unaonekana kule chini. Bi Neema kapiga picha nyingi. Halafu kasema.

“Sikufichi, Mama Rashidi. Wageni wangu watalala Masasi. Siwezi kuwaleta mahali hawatakuwa na maji ya kuoga.”

Imeniuma sana. Sina la kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Akiwa anapanda gari kageuka. Mchana watakula kwangu, kasema. Kile kisamvu, tena nipike kingi. Nimeitikia tu, nikafunga geti.

Jumapili, 16 Juni
Sikufagia.

Jumatatu, 17 Juni
Mama Zuhura kaja bila kuitwa. Tumetoa vitanda vya vyumba viwili vya mbele. Kumbe vyumba bila vitanda ni vikubwa, na mwanga unaingia vizuri. Zuhura kapita na ndoo kichwani. Shikamoo yake sasa ni ya mtu mzima. Kamimina ndoo kwenye tangi langu, kaondoka.

Jioni Rashidi kapiga. Kasikia habari za Bi Neema. Kauliza kwa upole nahamia lini, atume gari la kubeba vitanda.

Nimemwambia atume. Ila lisije tupu, alipakie meza za kulia chakula.