Ile programme yenye kuita

Kabwe! Ndugu yangu, umutoshe Paluku mu nyumba yako. Atoke sasa hivi!

Bantu ba bunduki banaingia ku kwangu. Banavunja mulango, bananipiga na kitako ya bunduki ku kinywa, meno mbili inaanguka pa chini. "Muzee, ule Paluku wa Kivu, locataire mwenye kupanga kwako, ule espion mwenye kupeleleza, iko wapi?" Mi nasema siyue. Banapiga tena. Siyue!

Kabwe, siku Daniella, mujukulu yangu, alikuwa ananiwekea mail mu ordinateur, mu kompyuta yangu, aliniuliza: "Kambo, unapenda programme gani? Ile yenye kunyamaza mpaka uifungule, ao ile yenye kuita na kuonesha message yenyewe?" Mi nikasema ile yenye kuita, na maandishi ikuwe kubwa, unajua macho yangu. Ye anacheka: "Kambo na makelele!"

Basi mi niko pa chini na damu, ordinateur inaita. Yenyewe, Kabwe! Bote banageuka. Maandishi kubwa-kubwa ku écran, ku kioo yake: "Papa, ni Paluku. Niko muzima, niko kwa Papa Kabwe ku Kasungami."

Mukubwa wabo anasoma kwa sauti. Ananiambia: "Aksanti, muzee." Aksanti, Kabwe! Mi, aksanti!

Banaenda kwako na camion, lori yabo. Umupitishe mu mashamba, asipite ku barabara.

Na umwambie asiniandikie tena. Mi niko mu choo na telefone, banaacha mumoja wabo mu nyumba. Anaikala mbele ya ordinateur, anangojea iite.