Kifungu cha Pili

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wamechukua bafle yangu, spika ya kutangazia! Katikati ya soko la Kabambare, mbele ya wauza mihogo. Nilikuwa natangaza chanjo ya surua: Jumamosi, Wamaza, watoto wote. Shefu Déo wa ofisi ya mawasiliano akaja na karatasi zake. "Mama Mwamvita, hii iko radiodiffusion. Uko na ruhusa?" Miaka sita natangaza kwa bafle — misiba, mbuzi waliopotea, chanjo — leo ndiyo nimekuwa redio! Ameandika PV, karatasi ya mashtaka: kurusha redio bila ruhusa. Bafle na mikro yake ya kusemea vimefungiwa kabatini mwake.

Nimemuuliza sheria inasema radiodiffusion ni kitu gani. Amefungua fotokopi yake. Inaanzia kwenye adhabu! Kurasa za mbele hana. Eti za mbele haziko na kazi.

Mwezi jana surua ilichukua watoto watatu kule Wamaza. Mmoja alikuwa mtoto wa Hawa, binti wa dada yangu. Chanjo iliyopita, kijijini kwake sikufika kutangaza: betri ilikwisha, nikageuza njiani. Hilo halinitoki. Hawa amebaki na mtoto mmoja. Kurasa za mbele nitazitafuta mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Pikipiki mpaka Kasongo. Kutwa nzima. Tumeanguka mara mbili mchangani. Mwenye pikipiki anasema hajawahi kubeba mtu anayefuata karatasi mbali hivi. Acha acheke.

Jumatano, 5 Juni

Kwa Mzee Djamali, mtetezi wa mahakamani, rafiki wa marehemu baba. Sheria nzima anayo. Kifungu cha pili, maana ya maneno. Amenitafsiria polepole, nimeandika: mawasiliano yanayorushwa kwa mawimbi ya hewani, kwa kusudi la kupokelewa moja kwa moja na watu wote. Nimepiga makofi. Bafle ina mawimbi gani? Ni sauti tu!

Akauliza, "Na mikro yako, mwanangu, iko na waya?"

Haina. Niliinunua Bukavu, ile ya kisasa, nikaringa nayo soko zima.

"Basi mawimbi iko."

Nililia kidogo, sifichi. Fotokopi nimechukua hata hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Njia nzima ya kurudi, kila tuliposimama nilisoma. Neno kwa neno. "Kupokelewa na watu wote." Mawimbi ya mikro yangu yanaruka hatua mbili tu, yanaingia kwenye bafle. Nani mwingine anayapokea? Bafle si watu wote! Nilipiga kelele hadi pikipiki nusura iingie kichakani.

Ijumaa, 7 Juni

Ofisini tangu asubuhi. Shefu amesoma kifungu cha pili mara tatu, kidole chini ya kila neno. Akavua miwani. "Mama, pengine uko na haki. Lakini miye siko na nguvu ya kutoa ile bafle. Nitauliza kwanza wakubwa wa Kindu." Jibu lini? Jumatatu. Chanjo iko kesho! Nikamwambia habari ya Hawa. Akatazama meza. Anasema anaogopa kupoteza kazi, ana watoto vilevile. Namwamini. Bafle bado iko kabatini.

Haya.

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Nimeshatangaza mara moja, mikono mdomoni, bila mikro, bila chochote. Soko zima limegeuka! Koo linawaka. Pikipiki inaningoja. Vijiji saba mpaka Wamaza, na safari hii kwa Hawa nafika.

Shefu ametoka mlangoni. Ameshika zile kurasa nilizomletea, anazipekua moja moja, anatafuta palipoandikwa kwamba koo nalo ni redio. Nainuka tena —