Fungu Langu la Kau Silitoi

Garsen, Mto Tana
Mfunguo Nne, 1959

Kwa kaka yangu mpenzi, Nassir bin Athmani, uliyeko Mombasa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu Nana na watoto, ziwakute mmetulia na afya zenu, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kiwe kimepoa. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Bule hajambo na ng'ombe wake hawajambo, na wewe unajua kwamba kwake hayo ni jambo moja. Mpwa wako Hawa amemaliza Juzuu Amma, na mdogo wake, Darmi, ameota meno mawili na anamuuma kila anayemnyonyesha, yaani mimi.

Utanisamehe mwandiko. Naandika kwa herufi zile zile za chuo cha Kurani tulizofundishwa pamoja, na unakumbuka ni nani kati yetu aliyekuwa akichapwa kwa kuzikosea. Mimi simtaji.

Miraji amefika. Nashukuru umemtuma mtoto wa ami yetu, maana maneno uliyompa, angeyaleta mtu wa mbali, ningemtoa nje na kikombe mkononi. Alishuka kwenye lori la Malindi ng'ambo ya mto, akavuka kwa kivuko, akaingia kwangu na vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa maji ya kuoga, nikampa kahawa na mkate wa kumimina, na aliposhiba ndipo akajikohoza na kukaa vizuri kama mtu aliyekuja kuposa. Nikajua hapa pana jambo.

Alianza kwa kunieleza kwamba huko Mombasa mambo ya Mwambao yamepamba moto. Kwamba pwani hii, kutoka mpaka wa Tanganyika hadi Kipini, ni nchi ya Seyyid wa Unguja, Waingereza waliikodi tu, na siku Koloni itakapopata uhuru wake, Mwambao utajitoa ukae peke yake chini ya bendera yake nyekundu. Mpaka hapo nilimwongezea kahawa tu, kwa kuwa hayo nimeyasikia hata kwa wauza tumbaku. Kisha akasema kwamba siku hiyo ikifika, watu wa upande wa Koloni hawatakuwa na haki tena upande wa Mwambao. Hawatamiliki ardhi, hawatarithi, na wakitaka kuja watakuja kama wageni, kwa vyeti. Na kwa kuwa mimi nimeolewa Garsen na Muorma, na wanangu wamezaliwa Garsen, basi nitahesabiwa mtu wa Koloni. Kwa hiyo kaka yangu, kwa huruma yake, anataka niteremke Kipini kabla ya mwaka kwisha, nisimame mbele ya kadhi, niseme kwa kinywa changu kwamba fungu langu katika shamba la baba pale Kau nimekuachia wewe. Eti upate kulihifadhi. Eti lisipotee.

Niliangua kicheko, kaka. Maskini Miraji alidhani nimefurahi.

Sasa nakujibu, na nakujibu kwa adabu, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ulinibeba mgongoni mwaka ule wa mafuriko. Fungu lile sikupewa na Seyyid. Sikupewa na Gavana pia. Nililipata siku alipokufa baba, kwa sheria ya Mungu, kabla hujajua kwamba kuna kitu kinaitwa chama cha Mwambao. Sheria hiyo ilikupa wewe mafungu mawili na mimi moja, na sikufungua mdomo. Leo unataka na hilo moja! Nimemwuliza mwalimu wa chuo hapa kama Mwislamu hupoteza urithi wake kwa sababu bendera imebadilishwa mlingotini, naye akaniuliza kama nina homa.

Nilimwuliza Miraji jambo jingine. Nikipanda mtumbwi hapa Garsen nikateremka na mto, ni kwenye kona gani nitakapoacha kuwa mtu wa Koloni nikawa mtu wa Mwambao? Akasema ni maili kumi kutoka baharini. Nikamwuliza bahari yenyewe inaanzia wapi, maana maji ya bamvua, bahari inapojaa sana, hupanda mto mpaka yakaipita Kau. Akasema hayo yatapimwa na wakubwa. Bule alikuwa amelala kwenye jamvi akijifanya hasikii. Akainua kichwa na kuuliza, kwa kile Kiswahili chake cha malishoni, kama ng'ombe wake nao watapimwa, kwa kuwa kila kiangazi huteremka kula majani ya huko chini na hawajaulizwa bado ni wa bendera ipi. Miraji hakupendezwa.

Usidhani kwamba huku nako nabembelezwa. Mwezi uliopita, kwenye baraza la chifu, mwenye duka mmoja alisimama akasema kwamba kama watu wa pwani wanataka kujitenga, basi Waswahili wote wa Kipini na Kau walioko Garsen wafunge virago sasa hivi, na viwanja vyao wapewe wenyeji. Wanaume wakawa wanagunaguna tu. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake wenzangu, Darmi mgongoni. Nikasimama. Nikasema kiwanja changu nilipewa na baraza hilo hilo, na kisima kilicho mbele yake nimekichimbisha mimi, na huyo bwana hunywa maji yake kila asubuhi. Akitaka nihame, na aanze kwa kuyatapika. Watu walicheka mpaka chifu akagonga meza.

Basi nimekaa nikafikiri. Wewe wa Mombasa na yule wa Garsen hamjaonana hata siku moja, na mkionana mtatukanana. Lakini maneno yenu ni yale yale, kwamba mwanamke huyu hana kwao. Mimi nasema nina kwetu kuwili, na sitaki kupunguziwa hata kumoja.

Wala sipingi Mwambao wenu. Nisikilize vizuri hapo usije ukasema dada yako amenunuliwa na watu wa bara. Kama pwani inataka kukaa peke yake, na ikae. Watu huungana na watu huachana, hata waliooana. Lakini mume akimwacha mke, hamnyang'anyi watoto wake, nguo zake na jina la baba yake, kisha akasema hiyo ndiyo talaka. Ninachokikataa ni hilo la kulala mtu ana haki yake na kuamka hana, na hakuna kosa alilolifanya ila kuzaliwa au kuolewa mahali ambapo wengine wamekuja kupiga mstari.

Nawe umeshaanza kuupiga, kabla hata huo uhuru haujafika. Sasa nakuja kwenye habari ambayo Miraji hakuijua, na wewe huijui.

Ulipoingia kwenye mambo haya, jambo la kwanza ulilofanya ni kumtoa Godhana shambani. Godhana, Mpokomo wa Kulesa, aliyelima na baba kwa kugawana mavuno tangu mimi sijaota meno. Ulisema ni mtu wa juu mtoni, asije akawa na madai siku ya kutengana. Ukaleta msimamizi kutoka Mombasa, mtu wa pwani asiye na doa, hodari wa kuvaa kanzu nyeupe kwenye matope. Godhana hakugombana na mtu. Alichukua jembe lake, akamuaga mama, akapanda mtumbwi wake, akaenda zake Kulesa.

Unaijua desturi ya mashamba yale, hata kama Mombasa imeanza kukusahaulisha. Bamvua likija, bahari huyasukuma maji matamu ya mto yakapanda mpaka kwenye mpunga, na hapo ndipo mlango wa mfereji hufunguliwa. Lakini nyuma ya maji matamu huja ya chumvi. Kwa hiyo kabla ya kufungua, mwanamke wa nyumba huteremka kwenye mfereji, huteka kwa kiganja, huonja. Akisema bado, ni bado. Akisema funga, hufungwa, hata kama shamba halijashiba. Mama yetu ameyaonja maji yale tangu alipoletwa Kau bibi harusi, na baba, kwa ukali wake wote, hakuwahi kumbishia.

Mwezi wa Shaabani, mto ulipokuwa chini na mpunga unatoa masuke, mama aliteremka, akaonja, akatema. Akamwambia msimamizi wako asifungue. Msimamizi akajibu kwamba yeye hupokea amri kutoka Mombasa, kwa mwenye shamba, hapokei kwa bibi kizee. Akafungua. Mama alikaa ukingoni akayatazama yale maji yakiingia. Haikupita juma, mpunga wote ulikuwa umeungua, na mpaka sasa ardhi ina ukoko mweupe ambao hata mbuzi hawausogelei.

Hukupata habari hizo kwa kuwa habari zako za Kau zote hupitia kwa mtu huyo huyo. Kila unapouliza hali ya mama, ni yeye anayekujibu kwamba mama ni mzima na anakusalimu sana. Mama hajakusalimu tangu Shaabani.

Mama yuko hapa Garsen, kaka. Anakaa kwangu.

Aliyemleta ni Godhana. Alisikia huko Kulesa yaliyotokea, akateremka na mtumbwi bila kuitwa na mtu, akamkuta mama anakula uji wa kuombaomba kwa majirani, akampakia na godoro lake na kuku wake. Tumefunga Ramadhani pamoja. Mkate wa kumimina ambao Miraji aliusifu mpaka akaongezwa, ni mama aliyeupika. Na wakati Miraji anaeleza jinsi watu wa Koloni watakavyopotewa na haki zao, mama alikuwa nyuma ya pazia, anasikia kila neno. Nilitaka kumwita atoke. Akanikataza kwa mkono. Miraji alipokwisha kwenda zake kivukoni, mama alitoka, akakaa kwenye jamvi, akaniuliza kama na yeye sasa ni mtu wa Koloni.

Nililia, Nassir, na nakuambia wazi kwamba nililia kwa hasira. Mwanamke aliyezaliwa Lamu, akaolewa Kau, akazaa Kau, akazika mume Kau, leo anamwuliza binti yake yeye ni mtu wa wapi, kwa sababu mwanawe ana mikutano.

Basi haya ndiyo majibu yangu. Kipini kwa kadhi sitakwenda. Fungu langu silitoi, siliweki kwako, siliuzi. Na mama naye amesema fungu lake lisiguswe. Mvua za vuli zikianza tutateremka Kau, mimi, mama na Godhana. Mto ukijaa tutafungua mfereji, tuoshe ile chumvi, tuoshe tena, mpaka mama aonje na kusema basi. Godhana atalima kwa kugawana kama alivyogawana na baba, na atakayekuja kumwambia yeye ni mgeni atanikuta mimi mlangoni. Msimamizi wako mwambie aondoke mapema, kanzu yake isije ikachafuka.

Na wewe nina ombi kwako. Miraji amenieleza, kwa fahari kabisa, kwamba ni wewe uliyesimama mkutanoni ukasema watu wa juu mtoni hawatakuwa na haki. Simama tena, mbele ya watu wale wale. Sema kwamba Mwambao ukibaki au ukijitoa, hakuna aliyekuwa na haki jana atakayenyang'anywa kesho. Ukilisema hilo, bendera yenu nitaishona mimi, kwa cherehani yangu, na kitambaa nitanunua mwenyewe. Usipolisema, usinitumie mtu tena. Njoo mwenyewe.

Nisalimie wifi Nana na uwabusu watoto. Mwambie Miraji kofia yake aliisahau kwenye msumari, tumeitunza. Bule anakusalimu, na anasema ukija huku chini ya bendera yoyote ile utachinjiwa. Hawa anamsalimia ami yake, ingawa nimemwambia mara ngapi kwamba wewe ni mjomba.

Nilipofika hapa nilimwuliza mama kama ana salamu za kukupelekea. Aliendelea kupepeta mchele, nikadhani hataki. Kisha akaniambia niandike kama anavyosema yeye, kwa Kiamu chake, nisibadili kitu:

“Ndia ya kwenda kwa babako Kau ikiwekwa askari wa kuuliza vyeti, askari huyo na awe weye, Nassir. Nataka uniulize usoni miye ni nani.”

Wako dada yako,
Mishi binti Athmani,
wa Kau na Garsen